Siku Redio Alipokaa Kimya

Mpishi mkuu wa chuo cha ualimu hakuhitaji mizani wala miwani kununua samaki. Alikuwa na kidole gumba. Alikishusha kidole hicho kwenye ubavu wa samaki, akabonyeza, akakiinua, kisha akasubiri. Nyama ikirudi juu, samaki alipita. Shimo likibaki, samaki alirudi alikotoka, na aliyemleta akarudi naye.

Jumanne ile shimo lilibaki.

"Ona," alimwambia mvuvi aliyesimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi. "Hapa naweza kupanda mhindi."

Wasichana waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. Bawabu wa chuo, ambaye kwa kawaida haondoki getini hata mvua ikinyesha, alisogea kuja kuliona shimo lenyewe.

"Mama mpishi, hawa nimewatoa majini leo leo," mvuvi alisema. "Wengine walikuwa bado wanapiga mkia nilipokuwa nafunga mtumbwi."

"Sijasema wameoza, mzee Redio. Nimesema wamelegea. Nikiwatia kwenye mafuta wanasambaratika, nikiwachemsha napata uji. Wanachuo wananiuliza kama hiki ni samaki au ni dawa ya kikohozi. Na hii ni mara ya tatu." Mpishi alifuta kidole chake kwenye aproni. "Ijumaa tuna mahafali. Watakuja wageni wenye suti zao. Niletee ishirini, wakubwa. Nakupa Ijumaa hiyo kwa sababu tumejuana siku nyingi, si kwa sababu ya samaki wako. Shimo likibaki, oda yote nampa Kamanda."

Kamanda alikuwa mvuvi mwenye boti ya injini na sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Redio aliinua ndoo yake, akawapita wasichana wa viazi na bawabu, akatoka getini bila kumwangalia mtu usoni.

Jiko la chuo ndilo lililokuwa mteja wake wa uhakika, mara mbili kwa wiki. Wengine wote walikuwa wa kubahatisha. Bila jiko lile mtumbwi ungeuzwa, na mtumbwi ukiuzwa, Redio angeenda kuuza misumari dukani kwa shemeji yake. Hilo la misumari ndilo alilolifikiria njia nzima.

Jina la Redio walimpa wavuvi wenzake, na halikuhitaji maelezo. Tangu anapopandisha samaki wa kwanza hadi anapofunga mtumbwi, mtu huyu aliimba. Aliimba kwa sauti ya kutosha watu wa ng'ambo. Watu walisema, jamani, yule bwana ana raha zake. Sote tulikuwa tunajidanganya, lakini hilo tutalifikia.

&nbsp;

Samaki waliorudishwa hawatupwi, wanaliwa. Jioni ile mkewe, fundi cherehani, aliwapika kwa nyanya, akamwekea mumewe bakuli la maharage kando, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na minne ya ndoa. Redio hakula samaki. Alisema wanamletea kiungulia. Mvuvi asiyekula samaki ni kichekesho, na mtaa ulikwisha kukicheka kichekesho hicho mpaka kikachuja.

Binti yao alichota kipande, kikamvunjikia njiani. Akachota tena, kikaanguka tena. Alikuwa amerudi nyumbani miezi miwili kabla, baada ya kiwanda cha kusindika samaki alikofanya kazi miaka sita kufungwa, na kwa miezi hiyo miwili alikuwa ameuma ulimi kwa adabu. Sasa adabu ilimshinda.

"Huyu alikufa vibaya," alisema.

"Kuna kufa vizuri?" mama aliuliza.

"Kupo. Baba, wewe huwa unawauaje?"

"Nani?"

"Samaki, baba."

"Mimi siwaui." Redio alisema hivyo kwa heshima kamili, kama mtu anayekana wizi. "Nawatoa majini, nawalaza chini kwenye mbao, wanakufa wenyewe. Taratibu."

"Mtu akikuwekea mto usoni mpaka roho itoke, tuseme hakukuua, ulikufa mwenyewe?"

Mama alipaliwa. Ilibidi apigwe mgongoni na apewe maji, na hata baada ya maji mabega yake yaliendelea kutikisika.

"Sikufanyii utani, baba," binti alisema. "Samaki anayetapatapa anamaliza nguvu zake zote. Mwili unachemka, nyama inachachuka, damu inabaki ndani. Halafu wewe unamwacha juani. Ukimfikisha kwa mpishi, kidole kinazama. Kiwandani wa namna hiyo tulikuwa tunawatenga, wanasagwa chakula cha kuku."

Kule kusikia samaki wake wangekuwa chakula cha kuku kulimuuma kuliko kicheko cha wasichana wa viazi. "Wenzetu mnafanyaje?"

"Mara tu anapotoka majini, kigongo kimoja cha kichwa. Hapa, juu ya macho, nyuma kidogo. Anazimika, hajui tena kitu. Halafu unakata matamvua, yale mekundu anayopumulia, damu imwagike kwenye ndoo. Halafu anaingia kwenye maji ya barafu. Basi."

Redio aliweka kijiko chini. "Nimpige kiumbe kichwani? Mimi?"

Hapo lazima mjue mtu huyu alikuwa mtu gani. Panya akinaswa nyumbani mwake, alimtoa nje kwa koleo na kumwachia kwenye majani, na panya akarudi kabla ya koleo kurudi mahali pake. Kuku wa nyumba ile alichinjwa na jirani, na siku ya kuchinja mwenye nyumba alipata safari ya ghafla. Alikuwa mpole mpaka mwisho. Mkewe alimpendea hilo, na siku nyingine lilimtia wazimu.

"Una mpaka Ijumaa ya kufikiri," alimwambia, akasogeza bakuli la maharage karibu naye.

&nbsp;

Shemeji hakungoja Ijumaa. Jumatano asubuhi alifika kwa pikipiki, kitambaa kizito cha buluu kimekunjwa kwapani. Alikuwa mdogo wake mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa mtu wa kusaidia watu. Alipenda kusaidia, na alipenda zaidi ijulikane.

"Dada, ya jikoni nimeyasikia," alisema kabla ya kuvua kofia ya pikipiki. "Nafasi dukani ipo, ilikuwepo siku zote. Mpime mumeo umshonee koti. Wafanyakazi wangu wote wanavaa koti. Mgongoni utatarizi maneno yetu: TABASAMU NI BURE."

"Sijafukuzwa bado, shemeji," Redio alisema.

"Nani kasema umefukuzwa? Tunajiandaa tu. Inua mikono, shemeji."

Basi Redio akasimama katikati ya chumba cha cherehani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, mkewe akampima kifua, shemeji akihesabu kwa sauti. Binti alitoka nje ili asiseme neno. Mama naye alipima kwa futi, uso ameukaza.

"Usinibane sana," Redio alimnong'oneza. "Nitahitaji kupumua huko dukani."

Shemeji alipoondoka, Redio alikaa akikitazama kitambaa kile. "Afadhali msumari," alisema. "Unaupiga kichwani na haulii."

Mkewe alishona siku nzima, na jioni koti lilining'inia kwenye msumari, limetarizwa vizuri, likiwa na mkono mmoja.

"Mkono wa pili je?" binti aliuliza.

"Uzi umeisha," mama alijibu. Mezani mbele yake kulikuwa na vigurudumu saba vya uzi wa buluu.

&nbsp;

Alhamisi binti alimfuata baba yake majini. Lakini kabla ya majini kulikuwa na suala la friji.

Ndani ya chumba cha cherehani kulikuwa na friji dogo, bovu tangu zamani, ambamo mama alihifadhi nguo za wateja zisigugunwe na panya, wale wale ambao mumewe alikuwa akiwaachia. Binti aliyatoa magauni yote akayalundika kitandani. Alinunua mabonge ya barafu kwa muuza soda, akayavunja, akayajaza mle. Kisha akapita jikoni akachukua mchi mdogo wa kutwangia vitunguu.

"Friji umechukua, mchi umechukua," mama alisema. "Unibakizie mume."

Wakalilaza friji chali ndani ya mtumbwi, mlango ukitazama juu, na pale ufukoni watu wakavunjika mbavu.

"Redio!" Kamanda alinguruma kutoka kwenye boti yake. "Umehamia majini? Kitanda kinakuja lini?"

"Kinafuata nyuma, na kabati!" binti alimjibu. Redio alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Ndoano zake alikuwa amezitega alfajiri, kamba moja ndefu yenye ndoano nyingi. Samaki wa kwanza alipanda mzima, mnene, anang'aa. Binti akampa baba yake mchi. Redio aliuinua, akafumba macho, akashusha kwa nguvu zake zote, akaupiga mtumbwi. Samaki aliruka kwa mshtuko akarudi zake majini.

"Yule alikuwa na bahati," Redio alisema, na moyoni alifurahi.

Wa pili alimpiga, ndiyo, lakini kwa namna ya mtu anayegonga mlango wa mgonjwa.

"Baba, umempiga au umembembeleza?"

"Nilikuwa namzoesha."

Wa tatu alimkosa kabisa, akajipiga kidole gumba chake mwenyewe. Alipiga yowe lililofika ufukoni, akautupa mchi, akakaa akiwapa samaki wale wawili mgongo, kidole mdomoni. Kikatoka kidole mdomoni, ukaingia wimbo.

Binti aliupenda wimbo ule tangu utotoni. Alikaa akisikiliza, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, alisikiliza sawasawa. Kulikuwa na sauti mbili ndani ya mtumbwi: ya baba, na ya mkia ukipiga mbao. Mkia ukipiga kwa nguvu, baba alipandisha sauti. Mkia ukinyamaza, baba alishuka. Mkia ukarudi, baba naye akarudi, juu zaidi. 

"Baba," alisema. "Unaimba ili usiwasikie."

Wimbo ulikatika. Redio hakugeuka.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na kiungulia?"

"Hakuna kiungulia." Alikitazama kidole chake kilichoanza kuvimba. "Sasa mtu nimemsikia hivyo mpaka karibu na nyumbani, nitamlaje? Wewe ungemla?"

Binti alimwonea huruma baba yake. Lakini hakumwachia. "Geuka," alisema kwa upole. "Siku zote umewapa mgongo. Leo mtazame mmoja tu."

Akageuka. Samaki alilala kwenye mbao, mdomo unafunguka na kufungika, matamvua yamepanuka yanatafuta maji pasipo na maji. Mkia ukapiga, ukatulia. Wakangoja.

"Amekwisha?" Redio aliuliza.

"Bado."

Mtumbwi ulizunguka polepole. Jua liliwahamia begani. Mdomo ulifunguka tena.

"Sasa?"

"Bado, baba."

Redio alivumilia kidogo zaidi, kisha akafunika uso kwa kofia. "Mfanyie wewe. Mfanyie, mwanangu, tafadhali."

Binti alilowesha mkono, akamfunika samaki macho kwa gunia lililolowa, akampiga mara moja. Pa! Mkia ulitetemeka, ukakoma. Kukawa kimya kiasi kwamba Redio aliyasikia maji yakigonga mbavu za mtumbwi, sauti ambayo miaka yote hakuwahi kuisikia akiwa na samaki ndani.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Alimtazama samaki kwa muda mrefu. "Basi upole wangu wote ulikuwa wa kwangu mimi," alisema. "Wao hawakuonja hata kidogo."

Binti akamwonyesha pa kukata, namna ya kumtumbukiza kichwa chini kwenye ndoo, na jinsi ya kumlaza kwenye barafu bila kumrusha. Wa pili naye wakammaliza hivyo hivyo, mchi mkononi mwa binti. Redio alitazama kila kitu kwa makini. Walipofika ufukoni alisema neno moja tu la maana.

"Kesho naenda peke yangu."

&nbsp;

Ijumaa samaki wa kwanza alikuwa mkubwa kuliko alivyopenda. Angetamani aanze na mdogo, mtu wa kujifunzia. Alilowesha mkono, akamfunika macho kwa gunia, akauchukua mchi. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kilimuuma kukunja.

"Pole," alimwambia samaki. Macho yake mwenyewe aliyaacha wazi, akapiga.

Samaki alizimika hapo hapo. Redio aliweka mchi chini, akachukua kisu, akamkata matamvua. Damu ilienea kwenye ndoo. Alimlaza kwenye barafu, akafunga mlango wa friji polepole, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto aliyelala.

Wa pili alimwambia pole. Wa tatu pia. Kufikia wa saba mikono ilishaelewa kazi, lakini pole aliendelea kuitoa, mmoja mmoja, hakumruka yeyote. Wa kumi na moja alihitaji pigo la pili, na huyo alipewa pole mbili. Alipomaliza kamba yote alikuwa na ishirini na watatu. Akaketi, akashika kasia, akaanza kurudi. Wimbo haukumjia kichwani kabisa. Hakukuwa na cha kufunika.

Ndipo alipowatia watu kiwewe.

Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka ufukoni, na mkewe hakuwa na haja ya saa. Wimbo ukivuka matete, alibandika maharage. Ijumaa ile saa tatu ilipita, saa nne ikapita, matete kimya. Mama alisimamisha cherehani asikilize. Alisikia kuku wa jirani. Alisikia redio ya kweli, ya kinyozi. Ya kwake hakuisikia.

"Mumewe wangu!" alipayuka, maneno yakigongana, akatoka mbio, futi shingoni, kiatu kimoja mguuni. Binti akamfuata. Kamanda alipoona hali ile hakuuliza, akawasha injini huku akiwaamrisha watu wote kwa pamoja: wewe kamba, wewe boya, wewe ondoka hapo. Na katika heka heka ile, mtumbwi ukatokeza kwenye matete, taratibu, friji katikati, Redio nyuma yake anapiga kasia, kimya.

"Redio!" Kamanda aliita. "Betri zimeisha?"

Mama aliingia majini mpaka magotini. "Umekufa?" alimpigia kelele mumewe.

"Ningekuwa nimekufa ningepiga kasia?"

"Mbona huimbi?"

Redio alifikiri. "Nilisahau," alisema, na ilikuwa kweli.

Mama alivua kile kiatu kimoja ampige nacho, akashindwa, akalia na kucheka kwa wakati mmoja mbele ya ufuko mzima. Binti alifungua mlango wa friji. Samaki walilala wamepangana kwenye maji ya barafu, wagumu wa mwili, macho angavu.  Akambusu baba yake kiganja, kile chenye kidole kilichovimba.

&nbsp;

Mlangoni mwa jiko la chuo mambo yalikuwa moto. Masufuria yalitoa mvuke, wasichana walikimbizana, mpishi mkuu alikuwa na sauti tatu, zote kali. Alimwona Redio na binti yake wakishusha ndoo za barafu, akaja, kidole kimeshatangulia.

Akabonyeza. Nyama ikarudi.

Akamchukua mwingine, akabonyeza kwa nguvu zaidi, kwa kinyongo kidogo. Nyama ikarudi. Akafungua matamvua, akanusa. Akamkata mmoja ubavu, nyama ikaachia kisu ikiwa safi, haina hata doa la damu. Wasichana wa viazi walikuwa wameacha viazi.

"Umewanunua kwa nani?" mpishi aliuliza.

"Nimewavua mwenyewe."

"Mzee Redio, samaki wako nawajua. Nimewarudisha mara tatu. Hawa si wako. Kama umenunua kwa Kamanda, sema tu, nimtafute mwenyewe."

Redio alifika hapo akiwa tayari kwa shimo. Kwa hili hakuwa tayari. Alisimama na samaki bora wa maisha yake mikononi, anaambiwa si wake. Kisha akainua kidole gumba chake kilichovimba, cheusi ukuchani, akakiweka karibu na kile cha mpishi.

"Shahidi wangu huyu hapa," alisema. "Jana nilikuwa najifunza kuwapiga, nikajipiga mimi."

Mpishi alikitazama kidole kile, akamtazama mwenye kidole, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Wasichana walicheka naye, bawabu akaja tena kuangalia, na safari hii Redio alicheka pamoja nao. Kisha akaeleza, kwa kigugumizi mwanzoni: kigongo, kisu, barafu. Binti hakumsaidia hata neno moja.

"Na uliwezaje?" mpishi aliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini. "Wewe ambaye hata nzi unampisha?"

"Niliacha kuwapa mgongo."

Mpishi alimtikisa bega. "Jumanne niletee ishirini. Na Ijumaa. Na kila Jumanne na Ijumaa. Hawa watatu wa ziada rudi nao kwako, mkale. Sitaki kumuona Kamanda hapa, ananipigia kelele ndani ya jiko langu."

&nbsp;

Saa nane mchana shemeji alifika kwa pikipiki kumchukua mfanyakazi wake mpya. Alimkuta uani, anaosha ndoo, amevaa kitu cha buluu.

"Koti langu!" shemeji alisema. "Limefanywa nini?"

Lilikuwa limekatwa ule mkono wake mmoja, likaondolewa vifungo, likawekewa kamba za kufunga kiunoni, na sasa lilikuwa aproni ya kazi ya samaki, nzito, isiyopitisha maji kirahisi. Redio alilivaa mbele nyuma, kwa hiyo TABASAMU NI BURE ilimkaa kifuani.

"Kitambaa kizuri sana," dada yake alimwambia kutoka mlangoni. "Asante, mdogo wangu. Umetusaidia mno. Nitamwambia kila mtu."

Kwa hilo la kuambiwa kila mtu shemeji alitulia, akavua kofia, akanawa, akakaa mkekani. Mama aliteremsha sufuria. Vipande vya samaki vilikaa vizima kwenye mchuzi, na alipochota havikuvunjika. Akampa ndugu yake, akampa binti, akajiwekea. Halafu, kwa mkono uliokwisha kuzoea, akamsogezea mumewe bakuli la maharage.

Redio alilitazama bakuli, akalirudisha. "Leo nipe huyo," alisema, akionyesha sufuria.

Upawa ulisimama hewani. "Nani?"

"Samaki. Nipe kichwa, na kipande cha ubavu."

"Na kiungulia chako?"

"Kimepona."

Mama alimgeukia binti, binti akainamisha uso kwenye sahani yake. Mama aliweka kichwa, akaweka ubavu, akaongeza mchuzi bila kuangalia anakomwagia. Redio alimega kipande kwa vidole, akakitazama, akasema chini chini lile neno alilomwambia kila samaki asubuhi ile, akakitia mdomoni. Akatafuna taratibu. Akamega kingine. Kisha akavuta sahani karibu, akainama, akala kama mtu aliyetoka safari ndefu, akanyonya mifupa, akafuta mchuzi, asimwangalie mtu.

"Kumbe ni watamu hivi," alisema. "Mnawala miaka yote hii na mmeninyamazia!"

 Mama alikuwa na majibu mengi, mengine makali, ya miaka ishirini na minne ya sufuria mbili jikoni.  Badala yake machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni akiwa ameshika upawa, na binti naye alikuwa akifuta macho kwa kiwiko.

Shemeji, ambaye hakujua kitu, aliwaangalia wote wawili, akaangalia sahani yake, akauliza kama pilipili imezidi.

"Imetosha," Redio alisema, akanyoosha sahani. "Niongezee."